Tupeane uzoefu: ni wapi umejikuta mgeni kwa sababu ya imani yako?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naanza mwenyewe.

Nilihamia Dodoma 2017, ofisi yetu ilipotoka Dar. Mwanzoni nilikuwa mgeni wa kawaida tu: chumba cha kupanga Nkuhungu, vumbi, maji ya mgawo, mlenda usiopita kooni. Ugeni huo umeisha. Wanangu wanasalimia wazee kwa Kigogo, "mbukwenyi", na mlenda nisipopikiwa naudai.

Ulionibakia ni wa karatasi ya mahudhurio. Tulikuwa na semina ya siku tatu. Siku ya mwisho karatasi ikazungushwa ina nafasi za siku tano, na kila mtu anasaini zote ili alipwe posho ya siku tano. Mimi nikasaini tatu. Hakuna aliyenitukana. Wakati wa chai mratibu akaniita pembeni, akasema kwa upole kabisa: "Dada yangu, ukifanya hivi unatuumiza wote. Mkaguzi akikuta mmoja ana tatu na wengine tano, atauliza." Angefoka ningevumilia. Upole ule ndio ulionichoma, maana ni watu hawahawa walionichangia nilipofiwa na baba. Sikubadilisha. Tangu hapo siitwi tena semina, na posho zile ndizo zilizokuwa ada ya mtoto.

Petro aliwaandikia waumini wa Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, nchi ambayo leo ni Uturuki, akawaita wapitaji na wasafiri. Lakini hakuwaambia wajitenge. Aliwaambia mwenendo wao kati ya Mataifa uwe mzuri, wawaheshimu watu wote. Hapo kwenye "wote" ndipo ninapohangaika, kwa sababu yule mratibu naye yumo.

Naomba msiniletee mahubiri. Nileteeni yaliyowapata.

*Mfanyabiashara wa karanga, Majengo:*
Mimi ugeni wangu ni debe. Aliyenifundisha kazi alinipa mawili. La kununulia kijijini lilikuwa limegongwa nyundo kwa ndani mpaka likatuna, la kuuzia sokoni kitako kimebonyezwa kuingia juu. Ukiyaweka pamoja huwezi kuyatofautisha. Nimeyatumia miaka miwili, nikiwa mwanakwaya.

Siku moja huko Kongwa bibi mmoja kabla ya kumimina karanga zake aliingiza mkono ndani ya debe, akapapasa ubavu wake taratibu, pande zote. Akaniangalia. Kisha akamimina. Hakusema neno, nami sikulala usiku ule.

Nilinunua debe jipya. Wenzangu hawakunifukuza, ila waliacha kuniambia gari linaondoka saa ngapi, kwa kuwa wakulima walianza kuuliza mbele yao mbona debe langu linawahi kujaa.

*Mkulima, Hombolo:*
Shalom. Nyie mna ugeni wa duniani, mimi wangu uko kanisani.

Nina ekari moja ya zabibu niliyoachiwa na baba. Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, na mnunuzi wa uhakika ni mwenye kiwanda cha mvinyo. Nilipookoka nikaambiwa fedha ile ni ya ulevi, sadaka yake haipokeleki. Nikatii. Msimu uliofuata nikakataa kuuza kiwandani, nikapeleka matunda sokoni. Zabibu zangu ni za mvinyo, punje ndogo, wateja wanataka zile kubwa za kula. Na kwa joto letu hazisubiri. Siku ya tatu zilianza kuvuja ndani ya kreti, nyuki wamejaa, nikarudi nazo nyumbani nikawapa nguruwe wa jirani.

Jirani huyo si mtu wa kanisa. Alikuja jioni na debe la mahindi, akasema tu, "Watoto wasilale njaa kwa sababu ya dini yako." Nimeomba sana juu ya maneno hayo. Sasa nimeanza kung'oa mistari michache kila mwaka na kupanda zabibu za mezani. Zilizobaki bado zinakwenda kiwandani. Sadaka natoa, na wapo wanaonitazama ninapotoa.

*Mama wa Bihawana:*
Tumsifu Yesu Kristo. Kaka wa Hombolo, kwetu Wakatoliki zabibu hizohizo ndiyo divai ya misa. Usijihukumu kupita kiasi. Nakuombea wewe na mistari yako.

*Mwalimu, Bahi:*
Mimi ni Mgogo, nimezaliwa hapa, na ndipo nilipogeuka mgeni. Mwaka huu mvua ilikata Januari, mtama ukaanza kujikunja, wazee wakapitisha mchango wa tambiko. Nikawaambia nitachangia chakula kwa wenye njaa, tambiko siwezi. Mjomba aliyenilea, aliyeuza ng'ombe nikasoma, akasimama katikati ya watu akasema, "Sawa. Ikinyesha, wewe usikinge."

Wiki iliyofuata ikanyesha usiku. Mke wangu akaniuliza mlangoni, ndoo mkononi, "Tukinge?" Tukakinga. Nyumba yangu ni ya bati, ya mjomba ni tembe, paa la udongo halikingi maji. Asubuhi nikampelekea ndoo mbili. Alizipokea bila kuniangalia.

Huu ni mwezi wa pili tangu siku ile, ndoo hajarudisha. Mke wangu anasema nisizifuate.