Naomba ushauri: kuhamishia jeni ya DRO1 kwenye SARO 5

Wakuu, naomba mawazo ya waliowahi kuboresha mpunga kwa kutumia alama za DNA. Lengo ni kuitoa DRO1, iliyoko kromosomu ya 9, kwenye Kinandang Patong (mpunga wa nchi kavu wa Ufilipino) na kuiingiza SARO 5 (mpunga wa Tanzania wenye harufu). Jeni hii kazi yake ni kuelekeza mizizi chini: seli za ncha ya mzizi hurefuka zaidi upande mmoja, mzizi ukapinda kufuata mvutano wa dunia. Kwenye mpunga aina ya IR64 imepotea herufi moja tu ya DNA, protini inakatika njiani na mizizi inatambaa juujuu.

Herufi moja ndiyo inayonitesa. Kwenye jeli ya agarosi ya kawaida (ya kutenganisha vipande vya DNA kwa urefu), bendi zote zinakaa palepale. Kwa maabara ndogo, nitumie KASP au dCAPS (njia mbili za kutambua tofauti ya herufi moja ya DNA)? Na kuna aliyesoma mfuatano wa DRO1 ya SARO 5? Ikiwa tayari ni nzima, basi tunatwanga maji.

Kurudisha kwa mzazi (kuchavusha chotara tena na SARO 5) mara 3 kunaleta wastani wa asilimia 93.75 ya SARO 5. Harufu itabaki? Kama inatokana na badh2 (aina ya jeni iletayo harufu), hiyo ni fiche (huonekana tu mmea ukiwa na nakala zake mbili), lazima nayo ifuatiliwe kila kizazi.

Vipimo vitakuwa vya kikapu cha wavu: kuhesabu mizizi inayotoka kwa zaidi ya nyuzi 50 kutoka mlalo. Ila jaruba lenye tabaka gumu chini ya jembe, mzizi utapenya kweli?