MREJESHO: Kutafuta makala za majarida PubMed kwa sehemu

Wakuu, niliuliza namna ya kupata makala za saratani za mwandishi fulani kwenye PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za tiba, bila kuzama kwenye matokeo yasiyohusika. Mliosema nichague sehemu ya kutafutia (mwandishi, taasisi, kichwa, jarida) badala ya kurundika maneno yote pamoja, asanteni, imekubali.

Sehemu ya mwandishi ndiyo ina mambo. Unaanza na jina la ukoo, kisha herufi za mwanzo za majina mengine, bila nukta. Jina kamili linafaa kwa makala za kuanzia 2002 tu. Wenye majina yanayofanana ni wengi mno, hivyo nikaunganisha na sehemu ya taasisi kwa AND ya herufi kubwa, ili matokeo yawe na vyote viwili. Hapo nako angalieni: kabla ya 2014 waliweka taasisi ya mwandishi wa kwanza peke yake.

Kichwa cha makala hakitoshi, maana mmoja kaandika "cancer", mwingine "tumour". Istilahi ya MeSH (orodha rasmi ya maneno ya mada za tiba), "Neoplasms", inazikusanya zote. Ila makala mpya kabisa huenda bado hazijapewa istilahi. Hizo nazitafuta kwa kichwa na muhtasari.

Jarida weka ISSN (namba ya utambulisho wa jarida) tu, yameisha.