Ukoo wa Bweni: mgeni wa Salim

JUMATANO

19:02 Shangazi Zaina: Asalaam aleikum ukoo. Salim anaingia Ijumaa na yule mama wa Ujerumani aliyemkalisha kwake miaka yote ile. Jumamosi tunampeleka kisiwa cha Maziwe. Nataka majina, na elfu kumi kumi za mafuta. Mgeni wetu hachangi mafuta, aibu hiyo siitaki.

19:09 Shangazi Zaina: Naona mmesoma watu kumi na mmoja.

19:20 Mwanaidi: Waaleikum salaam shangazi. Mimi jikoni. Samaki wa kupaka au pweza wa nazi?

19:21 Hamisi: Pweza, tutamchokoa huko huko 😂

19:22 Shangazi Zaina: Maziwe ni hifadhi Hamisi, hakuvuliwi. Na kuna ada, ulizia inalipwaje.

19:24 Hamisi: Na kivuli? Kule hakuna hata kijiti.

19:25 Mwanaidi: Atakaa nyuma ya kitambi chako

19:26 Rehema: 😂😂😂

19:31 Shangazi Zaina: NAZUNGUMZIA MAJI. Jumamosi ni mwezi mwandamo kumi na sita, bamvua, maji yanakupwa na kujaa sana. Mchanga utakuwa nje vizuri saa nne. Tutoke mtoni saa moja asubuhi kabla mlangoni hapajawa na kina kifupi, saa saba tuwe njiani kurudi. Saa kumi Maziwe hakuna, ni bahari tupu.

20:10 Shangazi Zaina: Omari?

20:48 Omari: Mashua ipo. Mashine haipo.

20:50 Omari: Mashine ya baba iliuzwa mimi nikiwa dago, kambi ya uvuvi, Mafia. Mpaka leo sijaambiwa nani alikula ile pesa.

20:51 Rehema: Kaka, si hapa.

20:53 Omari: Hapa hapa. Mgeni anatafutiwa mafuta siku tatu kabla. Mimi mwaka wa sita natweka tanga.

20:54 Hamisi: Wazungu wanapenda tanga lakini 😅

20:54 Omari: Hamisi nyamaza.

21:15 Shangazi Zaina: Basi tuazime mashine. Nani anajuana na mtu?

ALHAMISI

05:41 Baba Mkubwa Kombo: 🎤 1:12

06:05 Mwanaidi: Kwa mlio kazini, naandika kama alivyosema. "Omari mwanangu. Mashine niliuza mimi. Mama yako alikuwa amelazwa Tanga, akanikataza nisikwambie, akasema mwanangu yuko baharini asiwe na mawazo. Arobaini yake ilipopita nikaona haya kukutazama. Kosa ni langu, usimshike mwingine. Huyo mama apelekwe, alimlea mtoto wetu ugenini. Mimi na baba yako tumelala sana Maziwe, chini ya mivinje, tunakausha samaki, kasa wanapanda usiku kutaga pembeni yetu. Mivinje imeanguka yote. Mayai ya kasa siku hizi yanahamishiwa Ushongo yasizame. Na mimi Jumamosi nimo."

06:31 Shangazi Zaina: Kaka, na mguu huo?

06:40 Baba Mkubwa Kombo: NIBEBENI

09:15 Shangazi Zaina: Omari, umesikia?

11:40 Rehema: Nimetuma elfu tano. Nyingine kesho inshallah.

13:02 Salim: Shikamooni wakubwa, ndiyo tunaelekea uwanja wa ndege. Mgeni hajui kuogelea. Maboya ya kuvaa yapo?

13:05 Shangazi Zaina: Marahaba mwanangu. Yapo manne, sisi tisa, na kaka sasa kumi. Hamisi, nenda Ushongo ukaazime kwa watu wa hoteli. Leo, siyo kesho.

13:30 Hamisi: Nani ananipa nauli ya bodaboda?

13:31 Shangazi Zaina: Ile elfu tano ya Rehema.

13:33 Rehema: Ile si ya mafuta?

15:10 Shangazi Zaina: Mashine bado sijapata. Omari, neno moja tu baba.

16:20 Mwanaidi: Nimepita na kivuko sasa hivi. Mashua imepandishwa, Omari yuko chini yake anaziba nyufa kwa kalafati. Pamba tele begani. Sikumwita.