Wakuu, nachonga helikopta ya rimoti kwa mbao za balsa. Naombeni ushauri kabla sijaharibu

Mtoto wa Kibosho

Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi simu hapa Moshi. Helikopta za uokoaji huwa zinapita juu ya banda langu zikielekea mlimani kubeba watu waliozidiwa, na ile ya Kifaransa iitwayo AS350 B3 imeniingia kichwani haitoki. Ndiyo aina ileile ambayo Mfaransa Didier Delsalle aliitua kwenye kilele cha Everest tarehe 14 Mei 2005. Sasa nataka ya kwangu ya rimoti, na iruke kweli. Sitaki pambo la kabatini.

Nilivyo navyo: vipande 12 vya balsa (ile mbao nyepesi sana) vya unene wa mm 2 (upana sm 10, urefu mita moja), mjomba kaniletea kutoka Ujerumani. Pia nina helikopta ya rimoti ya mtumba, saizi 450, mapanga ya mm 325, betri ya seli tatu. Jamaa aliyeniuzia alishindwa kuirusha. Rota (mapanga ya juu yanayozunguka) ya ile halisi ina kipenyo cha mita 10.69, ya kwangu kama sm 71, kwa hiyo nimepunguza mara 15 na bodi linatoka sm 73 hivi.

Nimekwama hapa. Kwanza, nimeshachonga mapanga mawili ya balsa, yametoka laini kama kioo, na la tatu liko njiani kwa sababu ile halisi ina mapanga matatu. Kuna ubaya? Pili, nafikiria kung'oa fremu ya chuma ya ndani niweke ya balsa ili kupunguza uzito. Tatu, nikikunja balsa kwenye pua inakatika kama biskuti. Nimeshaharibu vipande viwili na roho inauma.

Nawasilisha.

Jirani Mbaya

Sisi tulitengeneza za mabua ya mahindi. Hazikuruka ndiyo maana tuko hai. Naweka kiti hapa nifuatilie.

Mzee wa Msasa

Mtoto wa Kibosho, hayo mapanga yapeleke ukutani yawe pambo. Usiyafunge, hata kwa kujaribu tu.

Nikupe hesabu. Helikopta ya saizi yako huzungusha rota kama mara 2,200 kwa dakika. Ncha ya panga inakata hewa kwa karibu kilomita 300 kwa saa. Panga la kiwandani la gramu 30 hivi, kwa mwendo huo, linajivuta kutoka kwenye kichwa cha rota kwa nguvu ya kilo 30. Yaani kama umening'iniza mfuko mzima wa saruji na nusu yake kwenye mapanga mawili... hapana, nimezidisha, mfuko mmoja na ndoo ya maji. La balsa ni jepesi, halitavuta hivyo, tuseme kilo saba. Lakini linashikwa na bolti moja ya mm 3, na balsa unaipasua kwa ukucha. Hata lisipopasuka litajisokota hewani, pembe ibadilike yenyewe, na wewe umesimama mita tano na rimoti mkononi.

Na fremu ya ndani usiiguse. Humo kuna mota, gia, sevo (vimota vidogo vya kugeuza pembe ya mapanga) na shafti, vyote vinatakiwa vikae kwenye mstari hadi sehemu ya milimita. Balsa inanywa unyevu, inapinda, na mtetemo unaitafuna. Iache mashine ilivyo, balsa uifanye ngozi. Unajenga nyumba ya kuivalisha mashine, haujengi mashine.

Mtoto wa Kibosho

Nimekuelewa mzee, ila niulize kwa adabu. Mbona nasikia mapanga ya zamani ya helikopta hizi yalikuwa ya mbao?

Mzee wa Msasa

Yalikuwa, tena mimi nimeyashika. Tangu enzi za akina Dieter Schlüter kule Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walirusha mapanga ya mbao. Ila upande wa mbele ulikuwa mbao ngumu, balsa ilikaa nyuma tu, shina limeongezewa nguvu pale bolti inapopita, na juu yake wanavisha plastiki ya kubana kwa joto. Halafu jozi inapimwa mpaka ilingane kwa uzito na kwa mahali uzito ulipo. Ukiwa na mzani wa dhahabu na uvumilivu wa kinyonga, karibu. Mimi nanunua.

PangaBoi254

Salamu kutoka Nakuru. Mzee amesema yote kuhusu mapanga, mimi niongeze ya rota tatu. Kichwa cha mapanga matatu hakina ile fito ya kutuliza iliyo kwenye vichwa vya zamani, kwa hiyo utahitaji pia jairo ya mihimili mitatu (kifaa cha elektroniki kinachohisi helikopta ikiinama) ya kufanya kazi yake. Hapo unaongea pesa, na wiki nzima ya kurekebisha. Anza na mawili. Ikishaanza kuzunguka hakuna mtu chini atakayeyahesabu.

Umebahatika kitu kimoja lakini. Rota ya hiyo ya Mfaransa inazunguka kama mshale wa saa ukiitazama kutoka juu, na helikopta nyingi za rimoti ni hivyohivyo. Ungechagua helikopta ya Kimarekani Bell 206 kama nilivyofanya mimi, ungekuwa na kitu kinachozunguka kinyume na chenyewe cha kweli, na kila mjuaji anakukumbusha.

Balsa ikiisha usilie. Wavuvi wa Ziwa Baringo wanaunda viboti vyao kwa ambachi, mti mwepesi ajabu unaomea majini. Nimechongea pua na vifuniko vidogo, inakubali. Kwa ngozi ya kukunja haifai, inavunjika.

Swali: umewahi kuirusha hiyo mtumba ikiwa uchi, bila bodi?

Mtoto wa Kibosho

Sijawahi 🙈

PangaBoi254

Basi gundi iweke kando kwanza.

Nahodha wa Nungwi

Ndugu yangu, mie sijui helikopta ila babu zangu waliunda majahazi hapa Nungwi na mie nimekulia kwenye vumbi la mbao. Unalofanya wewe ni jahazi lililogeuzwa juu chini. Jahazi lina mataruma, yaani mbavu zake, na ubao unafuata taruma. Wewe inaonekana umekamata ubao unaulazimisha ukae hewani ujikunje wenyewe. Utakatika tu.

Kata mataruma ya plaiwudi nyembamba, mm 3, yatoboe katikati yawe pete. Yapange kila sm 5 au 6, na puani yasogeze karibu zaidi maana ndipo mviringo ulipo mkali. Unganisha kwa fito nyembamba za balsa toka pua hadi mkia. Sasa ngozi: usitumie kipande kipana hata kidogo. Chana vipande vya upana wa kidole, sm moja hivi, kila kimoja ukichonge kiwe chembamba kuelekea ncha, kama vile mbao za jahazi zinavyokwenda kufa kwenye omo, pua ya jahazi. Loweka katika maji ya moto dakika kumi na tano, kizungushie kwenye chupa ya soda, funga kwa mpira, kiache kikauke hapo mpaka kesho. Kikitoka kina umbo lake tayari. Na tazama mshipa wa mbao uende na urefu, siyo kukatiza.

Panga vipande kwa zamu, kimoja kulia kimoja kushoto. Ukimaliza upande mmoja kwanza bodi zima litapinda kama ndizi, na hapo hakuna dawa.

Mzee wa Msasa

Nahodha umenikosha. Niongeze gundi: viungo vya mataruma tumia gundi nyeupe ya mbao. Supa gluu inashika haraka lakini inakauka ngumu kama ganda la yai, na mtetemo wa helikopta unaipasua kidogo kidogo bila wewe kujua. Itumie kushikiza tu.

Halafu kabla ya kukata chochote, pima kila ubao kwa mzani wa jikoni. Ubao wa saizi yako ukiwa wa kawaida ni gramu 32 hivi, lakini utashangaa, mmoja utakuwa 20 na mwingine 45 na kwa macho ni mapacha. Andika kwa penseli. Mwepesi uende mkiani, mzito uje puani.

Jirani Mbaya

Kumbe mzani wa jikoni. Na mke wake anautafutia wapi?

Dada Rangi

Ukifika kwenye rangi uniite. Watu wanajenga bodi la gramu 200 halafu wanalipaka gramu 100 za mapenzi. Sila (ile ya kuziba vinyweleo vya mbao) koti mbili, msasa namba 400 kati yake, karatasi nyembamba ya tishu juu ya balsa ili isitobolewe na kucha, kisha rangi ya kupuliza, koti nyepesi mpaka uone aibu. Vioo vya mbele: chonga umbo la kioo kwa mbao, liingize ndani ya chupa ya maji ya lita moja na nusu, pitisha hita ya hewa ya moto. Chupa inajibana yenyewe. Kata, umepata kioo.

Mtoto wa Kibosho (wiki saba baadaye)

Wakuu nimerudi. Kwanza niombe radhi kwa ukimya, nilikuwa najifunza kurusha ikiwa uchi. Nilifunga vijiti viwili vya msalaba chini na mipira minne ya tenisi ya meza kwenye ncha kama PangaBoi alivyonielekeza inboksi, nikakaa uwanja wa shule kila asubuhi saa kumi na mbili kabla upepo haujaamka. Mapanga jozi tatu yamekwenda. Sasa naweza kuisimamisha hewani mkia ukiwa upande wangu, dakika tatu nne bila kutetemeka magoti.

Bodi limekamilika, na kwa kweli nikiliweka juu ya meza nalitazama tu. Lakini mzani unaniambia gramu 310. Nikiliinua zima zima kwa kushika mapanga mawili, mkia unashuka kama mkia wa mamba. Nimesogeza betri mpaka imegusa kioo, bado. Niongeze vipande vya madini ya risasi puani?

Mzee wa Msasa

Subiri. Gramu 310 zimetoka wapi? Kwenye mkia umeziba mashimo kwa kitu gani?

Mtoto wa Kibosho

Bodi fila. Ya magari. Kulikuwa na bonde pale ngozi inapoungana na bomba la mkia, nikajaza.

Jirani Mbaya

Na bampa umeweka?

Mzee wa Msasa

Usiongeze risasi. Fikiria mzani wa sokoni. Mhimili ni shafti ya rota. Hiyo fila yako iko kama sm 40 nyuma yake, na pua yako iko sm 20 mbele. Kila gramu 10 iliyoko nyuma inadai gramu 20 mbele kuisawazisha. Ukitia risasi unaongeza uzito mara tatu ya kosa, na hapo Moshi mko juu ya mita 800, hewa tayari ni nyepesi kuliko ya Dar. Mota itachoka, betri itavimba.

Kwangua fila yote. Bonde lizibe kwa vumbi la balsa ulilolikusanya kwenye msasa, ulichanganye na sila mpaka liwe uji. Ni jepesi na linapigwa msasa sawa na mbao yenyewe. Ukimaliza, pima tena kwa kuinua. Iwe sawa, au pua iiname kidogo tu.

PangaBoi254

Na toboa matundu chini ya pua na nyuma ya injini ya bandia, ESC (kidhibiti cha mwendo wa mota) inahitaji hewa. Yangu ya kwanza ilizima hewani kwa joto, nikaokota Bell ndani ya mfuko wa sukari.

Jambo jingine la haraka: huko kwenu ulizia TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) kuhusu kibali kabla hujaipeleka mbali na uwanja wa shule. Hapa Kenya tuna kanuni za 2020 za vyombo visivyo na rubani na hawacheki. Na wewe uko jirani na njia ya helikopta halisi.

Mtoto wa Kibosho (siku nne baadaye)

Fila iliyotoka nimeipima: gramu 64. Sitasema tena. Bodi sasa ni 255 pamoja na rangi, betri imerudi nyuma ya kioo, na mfuniko wa juu nimeushika kwa sumaku nne ndogo ili nisiubomoe kila nikibadilisha betri.

Leo alfajiri imeruka ikiwa imevaa. Ni nzito mkononi, inachelewa kujibu, kama umezoea pikipiki ukapewa Fuso. Niliinua kimo cha goti, nikaisimamisha kama nusu dakika, jua likawa linatokea na mlima uko wazi nyuma yake. Nikashusha haraka kidogo kuliko ilivyotakiwa, skidi (mguu wa kutulia) ya kushoto ikapata ufa. Watoto wawili wa shule walikuwa wamesimama getini. Mmoja akaniuliza, "Mjomba, mbona ina mapanga mawili?"

PangaBoi, hicho kichwa cha mapanga matatu uliuziwa shilingi ngapi?