Familia ya misheni, watoto watatu, miezi minne imebaki: tuanzie wapi?

MtumishiSafarini

Bwana asifiwe, wapendwa. Tunatumwa kwenye huduma ya miaka mitatu nje ya nchi: mume, mke, na watoto wa miaka 11, miaka 7 na miezi 8. Tuendako kuna malaria, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinadaiwa mpakani. Imebaki miezi minne. Naomba wanaojua kazi ya kusafirisha familia za misheni wanijibu haya: mtoto mchanga anaweza kusafiri kwa pasipoti ya mama yake? Cheti changu cha homa ya manjano ni cha 2012 na nasikia kinaisha baada ya miaka 10, je nirudie chanjo? Tuingie kwa viza ya kitalii kisha tubadilishe tukiwa kule? Na hawa wawili wakubwa, shule tuifanyeje?

KaraniWaMisheni

Mtumishi, Bwana asifiwe sana. Miezi minne inatosha mkihesabu tarehe kurudi nyuma kuanzia siku ya ndege, na mkianza na mdogo kuliko wote. Kinachokwamisha familia nyingi ni karatasi za watoto. Za baba huwa tayari mapema.

Kila mtoto awe na pasipoti yake, hata aliyezaliwa jana. Ule utaratibu wa kumwandika mtoto ndani ya pasipoti ya mzazi umeachwa karibu dunia nzima. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na angalau miezi 6 ya uhai na kurasa tupu mbili. Pasipoti za watoto mara nyingi hutolewa kwa miaka michache kuliko za watu wazima, kwa hiyo angalieni za hao wakubwa. Ikiwa ya mmojawapo itaisha katikati ya miaka mitatu, badilisheni sasa. Kuibadilisha ubalozini huchukua muda, na kibali cha kuishi mara nyingi hakipewi tarehe inayozidi ya pasipoti.

Kisha tandazeni mezani cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa, pasipoti na kadi za chanjo, msome majina herufi kwa herufi. Hapa ndipo maombi hukwama. Cheti kinasema Yohana, pasipoti inasema Johana. Au mama ameandikwa kwa jina la ujana kwenye cheti cha mtoto na kwa jina la mume kwenye pasipoti. Afisa wa viza hana wajibu wa kukisia kwamba ni mtu mmoja. Hati ya kiapo husaidia, ila kusahihisha cheti chenyewe ni salama zaidi, na kazi hiyo inakula wiki kadhaa.

Vyeti vya serikali vikitumika nchi nyingine huhitaji kuthibitishwa. Kama nchi zote mbili ziko kwenye Mkataba wa Hague wa mwaka 1961, unapata muhuri mmoja uitwao apostili. Kama moja haipo, unapita ngazi: wizara ya mambo ya nje ya kwenu, halafu ubalozi wa nchi mnayokwenda. Panapohitajika tafsiri, ulizeni kwanza kama na muhuri unapaswa kutafsiriwa. Wengi hutafsiri mapema, wakaambiwa warudie kwa sababu apostili haimo kwenye tafsiri.

Viza ya kitalii hapana, mtumishi. Nchi nyingi haziruhusu kuibadilisha ukiwa ndani, na kuhubiri au kufundisha kwa viza hiyo ni kosa linaloweza kuwafukuzisha nyote na kuliponza kanisa mwenyeji lililowaalika. Kibali cha mtumishi wa dini huombwa na kanisa au shirika lililosajiliwa kule. Kwa hiyo jambo la kwanza ni wao kuwatumia nakala ya usajili wao na barua ya mwaliko yenye majina matano kamili kama yalivyo kwenye pasipoti, kazi utakayofanya, muda, na nani atawatunza. Barua ya kanisa linalotuma isipingane nayo. Moja ikisema "mwalimu wa Biblia" na nyingine "mchungaji", mtaulizwa.

Cheti cha tabia njema msikikimbilie. Balozi nyingi hukipokea kikiwa na umri usiozidi miezi 3 au 6 tu. Kichukueni maombi ya kibali yanapokaribia kupelekwa.

Na kama mzazi mmoja atatangulia, atakayefuata na watoto abebe barua ya idhini ya mwenzake iliyosainiwa mbele ya wakili, na vyeti halisi vya kuzaliwa. Bila hiyo mama anaweza kuzuiwa uwanjani akiwa na watoto wake mwenyewe, kwa sababu sheria za kuzuia utekaji wa watoto haziangalii sura.

MuuguziWaSafari

Ndugu, cheti chako cha 2012 kiko hai. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti cha homa ya manjano hudumu maisha yote ya mwenye nacho, hata kama kimeandikwa miaka 10, na hakitakiwi kubadilishwa. Hakikisha tu jina ni lile la pasipoti, na kuna saini na muhuri wa kituo.

Wengine wasiochanjwa: cheti huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano. Mtoto huchanjwa kuanzia miezi 9, kwa hiyo wa kwenu atakuwa amefikisha umri kabla ya safari. Hapa kuna mtego mmoja. Chanjo ya homa ya manjano na ya surua zote zina virusi hai vilivyodhoofishwa. Zitolewe siku moja, au zipishane wiki 4. Mama akimpeleka mtoto kliniki leo kwa surua, na wiki ijayo kwa homa ya manjano, chanjo ya pili inaweza isishike vizuri. Onyesheni kadi yake kliniki sasa hivi na mpange tarehe zote mara moja.

Malaria ndiyo ningependa muipe uzito kuliko yote, hasa kwa mtoto wa chini ya miaka 5 na kwa mama akipata ujauzito. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi Julai mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine aliyekufa kwa homa siku chache baada ya kujifungua. Binti yao naye akafa. Leo dawa za kinga zipo, ila lazima zilingane na kila mwili. Doksisaiklini kama kinga haipewi watoto wa chini ya miaka 8 wala mjamzito, kwa hiyo ni wazazi na mkubwa tu wanaoweza kuitumia. Huanza siku 1 au 2 kabla ya kuingia. Meflokwini huanza angalau wiki 2 kabla, ili madhara kama ndoto mbaya na wasiwasi yajitokeze mkiwa bado nyumbani. Mwenye historia ya kifafa au ugonjwa wa akili asipewe. Atovakuoni na proguanili huanza siku 1 au 2 kabla, na inyweshwe na maziwa au chakula chenye mafuta, kwani tumbo likiwa tupu hainyonywi ipasavyo. Kidonge cha mtoto husagwa kikachanganywa na kijiko cha maziwa mazito. Dozi hupimwa kwa kilo, kwa hiyo mtoto anayekua apimwe uzito upya kila baada ya miezi michache. Wengi hubaki na dozi ya mwaka jana kwa mtoto aliyeongezeka kilo 3. Kwa miaka mitatu mizima, kaeni na daktari mwamue nani aendelee na dawa na kwa muda gani.

Dawa haiondoi chandarua. Chandarua chenye dawa ya kudumu kimetengenezwa kwa miaka kama 3 au kufuliwa mara 20. Kikitoka kwenye mfuko kianikwe kivulini siku nzima, kisianikwe juani. Pindo liingie chini ya godoro pande zote, na mtoto asilale ameegemea wavu, mbu huuma kupitia tundu. Na homa yoyote ipimwe ndani ya saa 24, hata mkiwa mmerudi likizo. Mwambieni daktari wa kwenu mmetoka wapi, maana yeye atafikiria mafua.

Maji: yachemke yakitokota kwa dakika 1, na dakika 3 mkiwa juu ya mita 2,000. Mtoto aking'atwa na mbwa, oshea jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili mkitazama saa, ndipo mkimbilie chanjo ya kichaa cha mbwa.

MwalimuWaWatoto

Swali la shule lina sehemu ambayo watu huisahau: mtoto huyu atarudi kusoma wapi akiwa na miaka 14? Chagueni mtaala kwa kuanzia huko mwisho. Shule ya kimataifa yenye mtaala usiotambuliwa kwenu itamrudisha darasa. Kumfundisha nyumbani kunawezekana, ila sheria hutofautiana. Ujerumani, kwa mfano, hairuhusu. Ulizeni kanisa mwenyeji kabla ya kununua vitabu. Chukueni ripoti za miaka miwili ya mwisho zenye muhuri wa shule, na barua ya uhamisho.

Mkisomesha nyumbani, wa miaka 7 hahitaji zaidi ya saa 2 hadi 3 za masomo rasmi kwa siku. Kinachoharibika ni cha wazazi: mama anageuka mwalimu wa muda wote, hapati muda wa kujifunza lugha ya wenyeji, na baada ya mwaka baba anahubiri wakati mama hawezi kuzungumza na jirani. Gawaneni. Asubuhi mmoja yuko kwenye darasa la lugha, mwingine na watoto, mchana mnabadilishana. Lindeni ratiba hiyo angalau mwaka wa kwanza, hata kanisa likiomba huduma zaidi.

Na mtoto wa miaka 11 anahitaji kuaga vizuri. David Pollock, aliyewahudumia watoto wa wamisionari kwa miaka mingi, alifundisha mambo manne ya kufanya kabla ya kuondoka: kupatana na uliyegombana naye, kumshukuru aliyekufaa, kuaga watu, mahali na vitu, na kuwaza kwa ukweli mahali unapokwenda. Mpeni siku yake ya kuaga, tofauti na ibada ya kuwekewa mikono wazazi. Aage hata mti anaopenda kuupanda. Mwacheni alie, na msimjibu kwa kifungu cha Biblia machozi yakiwa bado yanatiririka. Halafu kila mtoto apewe begi moja dogo ambalo mzazi hapunguzi kitu ndani yake wakati wa kupima kilo.

MhasibuWaHuduma

Naongeza la fedha, maana familia huvunjika hapo kimyakimya. Tenganisheni mafungu matatu. La kwanza ni la mara moja: tiketi, viza, vibali, chanjo, amana ya nyumba, godoro na jiko. La pili ni la kila mwezi. La tatu haliguswi: nauli ya watu watano kurudi nyumbani kwa haraka, pamoja na miezi 3 ya matunzo.

Ahadi msizihesabu kama fedha. Hesabuni kilichoingia kwa miezi mitatu mfululizo. Hicho ndicho kipato chenu. Toeni humo ada ya kutuma na hasara ya kubadilisha fedha, kwani sadaka inayotoka kwenu sio inayofika.

Bima someni ukurasa wa mambo isiyolipia. Angalieni kama inalipa kusafirishwa kwa ndege hadi hospitali kubwa, kama vita na machafuko vimeondolewa, na kama mtoto atakayezaliwa huko anaingia mwenyewe au mnapaswa kumwandikisha ndani ya siku fulani.

Andikeni pia na kanisa nani atamtunza mama na watoto ikilazimu warudi bila baba. Mwaka 1852 mmisionari David Livingstone aliwapandisha meli mkewe Mary na watoto wanne kutoka Cape Town kwenda Uingereza, naye akarudi bara. Mary aliishi huko kwa dhiki, akihamahama. Barua ya ukurasa mmoja iliyosainiwa na wazee wa kanisa inawalinda wenu.

MtumishiSafarini

Mungu awabariki sana. Kliniki tunakwenda Jumatatu na kadi zote. Moja la mwisho: mizigo. Na mdogo akilia njia nzima ndani ya ndege?

KaraniWaMisheni

Mashirika mengi hutoa kilo 23 kwa begi, na kwa kawaida begi la zaidi ya kilo 32 halipokelewi kabisa. Pimeni nyumbani, mkiacha kilo moja ya akiba kwa sababu mizani hazilingani. Nguo za kila mtu zigawanywe katika mabegi mawili. Moja likipotea, hakuna anayebaki mtupu. Vyeti halisi, dawa za wiki mbili zikiwa kwenye paketi zake na karatasi ya daktari, na nguo za siku moja vikae kwenye mkoba wa mkononi. Baadhi ya nchi hukataza dawa za kawaida kama za maumivu zenye kodeini, kwa hiyo ulizeni ubalozi.

Pawabenki haiingii kwenye begi la chini. Kikomo cha kawaida bila kibali ni wati-saa 100. Zidisha namba ya mAh iliyoandikwa juu yake kwa 3.7 ugawanye kwa 1,000, hivyo ya 20,000 ni 74, inapita.

Mtoto huumia masikio ndege inaposhuka, si inapokuwa juu. Msimnyonyeshe akashiba mapema. Mwekeeni ziwa au chupa ndege ianzapo kushuka, kama nusu saa kabla ya kutua, na kama amelala mwamsheni. Kitanda cha mtoto kinachofungwa kwenye ukuta wa ndani ya ndege huombwa kwa simu siku mnayokata tiketi; kina kikomo cha uzito, na mtoto wa mwaka mmoja huenda ameshakizidi, kwa hiyo mpimeni kwanza. Mnapounganisha ndege wekeni saa 3 au zaidi, maana foleni ya watu watano wenye mikoba haiendi mwendo wa mtu mmoja.