Dogo katimuliwa kwenye probesheni, fao la kukosa ajira anastahili au hastahili?

Wadau habari za jioni. Juzi kijiweni kuna mzee mmoja kashikilia kwamba mtu akiachishwa kazi hajamaliza probesheni, yaani kipindi cha majaribio, basi NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, haina habari naye, eti fao la kukosa ajira ni la waliotumikia, huyu kakaa miezi minne alipwe nini. Wengi wakamuunga mkono. Mi nikabisha, na naomba tubishane hapa maana hili limenigusa, mimi ndo niliyepeleka malalamiko mpaka mtu akaondolewa.

Mi ni sapavaiza kwenye bekari moja hapa Dar, jina mtanisamehe, bado nakula hapo hapo. Alikuja dogo, kazi yake ya kwanza kabisa, mshahara laki sita. Alikuwa mzito, saa kumi alfajiri mikate inatakiwa itoke yeye ndo kwanza anashuka kwenye bodaboda, na trei alishaziunguza zaidi ya mara moja. Mwezi wa nne bosi akasema basi. Hapo sina neno, probesheni ndo kazi yake hiyo. Ila afisa utumishi hakumpa barua ya kumuachisha, alimsogezea karatasi nyeupe na kalamu, "andika mwenyewe kwamba umeacha, sisi tutakupa cheti kizuri cha utumishi". Dogo akaniangalia, mikono bado ina unga. Nikanyamaza. Akaandika mistari mitatu, "nimeacha" kaiandika "nimehacha", akasaini.

Sasa sikilizeni ile karatasi imefanya nini. Fao la kukosa ajira ni la aliyepotezewa kazi, ukijiuzulu mwenyewe haupo. Angeachishwa kwa barua ya mwajiri angekuwa na chake, kwa sababu aliyechangia chini ya miezi 18 anapewa nusu ya michango, na wa kuanzia miezi 18 ndo analipwa 33.3% ya mshahara kwa miezi sita. Kwahiyo mzee wa kijiweni kakosea, probesheni haikunyimi fao, barua ya kuacha mwenyewe ndo inakunyima.

Halafu hiyo nusu yenyewe pigeni hesabu. Mchango ni 20% ya mshahara, kwa laki sita ni 120,000 kwa mwezi, miezi minne 480,000, nusu yake 240,000. Lakini katika ile 20% dogo alikatwa 10% na mwajiri akaweka 10%, yaani hiyo 240,000 ni ile ile iliyotoka mfukoni mwake! Ile ya mwajiri inabaki kwenye mfuko. Mwenzake wa mshahara huo huo mwenye miezi 18 anaondoka na kama milioni 1.2. Sasa mnaosema dogo anataka cha bure, cha bure kipi hapo?

Kuna watakaosema mkilegeza watu wataingia kazini miezi miwili, wapange na bosi waandikiwe barua, wakachukue. Hoja ina uzito, tunajuana, na toka fao la kujitoa, lile la kuchukua michango yako ukitoka kazini, liondolewe 2018 watu wanatafuta kila upenyo. Ndo maana mi miezi 18 sina ugomvi nayo sana. Ugomvi wangu ni kwamba mtu mpya hana pa kusemea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 35, inasema aliye chini ya miezi sita kwa mwajiri hawezi kudai ameachishwa isivyo halali, hivyo hata akienda CMA, tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi, kusema alilazimishwa kuandika anagonga ukuta. Na hapo nazungumzia aliyeandikishwa, maana kuna maofisi yanakwambia "pita probesheni kwanza ndo tukuingize NSSF", hao miezi minne yao haina hata shilingi.

Kwangu mimi barua ya kuacha kazi iliyoandikwa ndani ya probesheni ingetakiwa mfuko wenyewe umpigie simu mwandishi kabla ya kumkatalia. Mnaopinga, niambieni, nyie mngekuwa kwenye kile kiti, na cheti kizuri mmeahidiwa, msingesaini?