Naomba ushauri: seli za kinga zinaanzia wapi kabla mifupa haijaumbika?

Habari zenu wakuu. Nafundisha baiolojia kidato cha sita, na wiki hii mwanafunzi kanibana. Nilichora mfupa ubaoni nikasema seli za kinga asili yake ni uboho. Akanyoosha mkono: "Mwalimu, na kabla mfupa haujaumbika je?" Nikabaki na chaki mkononi.

Nimekesha nikisoma. Kumbe kwa panya, seli za damu za mwanzo huonekana kwenye kifuko cha kiini, nje ya mwili wa kiinitete, mimba ikiwa na siku 7 hivi. Humo hutoka makrofaji za awali (seli za kinga zinazomeza vijidudu), na baadhi huhamia kwenye ubongo na kubaki huko maisha yote kama maikroglia, yaani seli za kinga za ubongo. Hapo ndipo niliposhangaa hasa! Baadaye, kama siku ya 10 na nusu, seli shina za damu (zinazozaa seli nyingine zote za damu, za kinga zikiwemo) huchomoza kwenye ukuta wa aota, ule mshipa mkuu wa damu, upande wa tumbo, zikaenda kwenye ini, kisha uboho.

Kinachonichanganya ni historia yake. Mwaka 1970 watafiti Moore na Metcalf walitetea kifuko cha kiini kuwa ndicho chanzo. Mwaka 1975 mtafiti Dieterlen-Lièvre akapandikiza kiinitete cha kware juu ya kifuko cha kuku, na damu ya kudumu ikawa ya kware, yaani ilitoka kwenye mwili wa kiinitete, si kwenye kifuko.

Sasa niwaeleze wanafunzi kuwa seli hizi huja kwa mawimbi tofauti, kutoka sehemu tofauti, au niwaachie "uboho" wajibie mtihani? Na aliyewahi kufundisha hili, ulilichoraje ubaoni?